Ujumbe Wako Nimeupokea, Bado Sijaupitisha

Kibanda cha Fundi Redio,
Nyuma ya Tangi la Maji.
Jumamosi asubuhi, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Dada,

Kalamu ninayoandikia barua hii si yangu, ni ya mwalimu mkuu. Jumanne alinisukumia mezani pamoja na ile fomu ya uhamisho wa mtoto, akaweka kidole pale pa sahihi, akasema, "Hapa tu, kijana, halafu uende zako." Mimi nikaichukua kalamu, nikaifunga kifuniko, nikaitia mfukoni, nikasimama, nikatoka. Fomu niliiacha palepale, nyeupe vilevile. Nilipofika kwa fundi viatu ndipo nikashtuka kwamba nimetoka na mali ya watu. Kalamu nitairudisha Jumatatu. Sahihi hataipata.

Lo, nimeanza kama mtu anayefukuzwa. Ungekuwa karibu ungeniuliza kama adabu nimeiacha kitandani. Haya, tuanze upya.

Shikamoo dada. Hujambo wewe na mwili wako? Mgongo vipi? Ulisema unakuuma kwa kuwainua wale wazee mnaowatunza hapo kazini, na kwamba kuna mmoja mzito kama kabati, hakubali kugeuzwa na mtu mwingine ila wewe. Mpe salamu huyo mzee kabati. Na baridi je? Ile soksi iliyotoboka kidoleni umeshaitupa, au bado unasema inafaa ndani ya buti?

Sisi huku wazima. Baba hajambo. Macho ndiyo yanazidi kufifia, sasa anamjua mtu kwa hatua zake, lakini masikio ni yale yale ya enzi zake za kituo cha simu, akisikia bisibisi imeanguka anakuambia ni ya nyota au ya bapa. Mwanao hajambo kabisa. Meno mawili ya mbele yameng'oka wiki moja, ya juu, na upepo unapita pale akiongea, lakini kuongea hajapunguza. Jina la Chiriku limemkaa mpaka muuza maziwa analiita.

Najua umeshangaa kupata karatasi. Watu siku hizi hawaandiki. Lakini wewe unanijua kwenye simu. Wewe unaanza kusema, mimi ni mh, mh, ndiyo dada, mh, mpaka unamaliza, unakata, halafu ndipo maneno yangu yanakuja, nikiwa nimeshika simu ya mteja imefunguliwa tumbo. Yanakuja yote, yamejipanga, na hakuna wa kumwambia. Kwa hiyo simu yangu nimeizima tangu Alhamisi jioni, imo ndani ya kopo la skrubu. Usihangaike kupiga. Leo mimi ndiye nasema, wewe ndiye mh.

Nianze na shule, maana hilo ndilo lililokufikia kwanza, na limekufikia upande mmoja.

Mwalimu wa darasa lake ni binti mdogo, si mbaya wa roho. Alinionyesha kwenye kishikwambi jinsi wanavyowapima watoto. Swali linatoka, sekunde zinahesabiwa pembeni, mtoto anajibu, mwalimu anagusa. Chiriku akaitwa ili nione mwenyewe. Mwalimu akamuuliza, "Tano jumlisha tatu?"

Mwanao akasimama wima, mikono nyuma. "Umeuliza tano jumlisha tatu. Nimepokea. Ni hivyo, mwalimu?"

"Ndiyo, jibu!"

"Nane."

Nane ilikuja, dada. Lakini ilikuja baada ya sekunde kwisha, na kishikwambi kikaweka alama nyekundu. Mwalimu akageuka kwangu akasema, "Unaona? Kila swali hivihivi. Huyu mtoto ni santuri iliyokwaruzika."

Chiriku akamtazama. "Mwalimu, umewahi kuona santuri?"

"Mimi? Sijawahi."

"Tunazo nyumbani. Zina tundu katikati. Njoo uone."

Mwalimu mkuu akacheka, halafu akakumbuka kwamba yeye ni mwalimu mkuu. Akasema ndiyo hayohayo, mtoto analelewa kizamani, maneno yake yamepitwa na wakati, anawachanganya wenzake, na kwa kuwa mama yake mzazi ameshakubali ahamie kwa shangazi yake, basi kazi yangu ni kuweka sahihi kama mlezi. Nilikuwa natazama kile kishikwambi, nikawaza, kumbe kile chombo kinapima jibu limekuja saa ngapi.

Hilo la kuwachanganya wenzake nikueleze lilivyokuwa, maana najua ulielezwa kana kwamba mtoto kaleta ugonjwa darasani.

Siku moja mwalimu aliwaambia, mwambieni mama anipigie simu. Chiriku akanyoosha mkono, akauliza kwa nini inaitwa kupiga, simu imekosa nini. Darasa zima likawaka. Mmoja akasema ni kwa sababu unaipiga kidole. Mwingine akasema hapana, baba yake huwa anaipiga kweli, ikiganda anaipiga kwenye goti. Mwingine akauliza, na kukata je, tunaikata kwa nini, kwa kisu? Somo likafia hapo. Mwalimu hakuwa na jibu, na mimi simlaumu, hata wewe hukuwa nalo ulipoulizwa mwezi wa kwanza, ulimwambia "ndivyo tunavyosema tu, lala."

Wale watoto wakaenda nayo majumbani. Basi ikawa kazi. Mzazi akisema "hebu rudisha mkanda nyuma, ilikuwaje?" mtoto anauliza mkanda uko wapi. Bibi akisema picha za harusi yake zilichelewa kusafishwa, mjukuu anauliza zilikuwa na uchafu gani. Mtu akimwambia mwenzake "we leo hujatiwa ufunguo", mtoto anamzunguka kutafuta tundu. Wa kwetu naye alishaizunguka saa ya ukutani, ile ya betri, na tochi juu. Wazazi wawili wakaja kulalamika shuleni. Walilalamika nini hasa sijui. Nafikiri waliona aibu kwamba wanasema vitu kila siku ambavyo wenyewe hawavijui.

Njiani nikirudi ndipo jibu langu lilipokuja, limechelewa kama kawaida. Kama maneno yamepitwa na wakati, mwalimu mkuu, mbona wewe hujayaacha? Maana nikiwa pale ofisini simu yake ililia, akasema "ngoja nikate nitakupigia", na ile simu haina hata kitufe kimoja, ni kioo kitupu. Na wewe dada, ujumbe wako wa Jumapili unaanza hivi: "Nimekupigia mara tatu umenikatia." Sote tunaishi humo. Tofauti ni kwamba mwanao ameuliza mlango uko wapi.

Na sisi tukamfungulia. Hilo nakiri, kosa kama ni kosa ni letu. Mwezi uliopita alikuja na wenzake wanne, nikawatandikia gunia pale chini ya meza ya kazi, nikashusha kopo la makaseti. Mmoja akaishika kaseti akaanza kutelezesha kidole kwenye kile kidirisha chake, anangoja kiwake. Chiriku akachomeka penseli kwenye tundu, akazungusha, mkanda ukarudi nyuma mbele ya macho yao. Yule aliyeuliza habari za kisu akasema polepole, "Kumbe mkanda upo."

Halafu Baba akawatolea simu yake, ile nyeusi ya mkono wa kuzungusha. Mtoto mmoja akaigeuza kila upande akauliza, "Babu, hii kamera yake iko wapi?" Baba alicheka mpaka akakohoa. Akawaambia, zamani ukitaka mtu unazungusha huu mkono, kengele inalia kwangu mimi, kengele ndiyo ilikuwa ikipigwa. Nami nina ubao mbele yangu wenye matundu mia, kila tundu nyumba ya mtu. Nachomeka waya, mnaongea. Mkimaliza nachomoa, ndiyo nimekata. Kila mtoto akazungusha mkono, Baba akawa anaitikia, "Simu! Unamtaka nani?" Mmoja akasema anamtaka mama yake, na mama yake yuko sokoni tu hapo, Baba akamwambia, "Subiri nikuunganishe," na yule mtoto akasubiri kweli, ameshika kile kipande sikioni, anatabasamu.

Hayo ndiyo makumbusho unayoyasema kwenye ujumbe wako.

Sasa hili la kurudisha maneno kabla ya kujibu. Hapo dada sitaki unifanye mgeni. Unajua limetoka wapi. Wewe mwenyewe ulikuwa ukitumwa dukani unasimama mlangoni, "Umesema sabuni moja, kibiriti kimoja, nisipite kwa akina fulani. Nimepokea. Ni hivyo, baba?" Anasema "Pitisha!" ndipo unaruka ngazi. Mimi nilikuwa bado natambaa, ulinifundisha wewe. Neno langu la pili baada ya "mama" nasikia lilikuwa "pitisha".

Lakini labda hukuwahi kuambiwa sababu. Mimi niliambiwa juzijuzi, tukiwa tunabadilisha waya wa redio ya kinyozi. Baba alipoanza kazi, siku za mwanzo kabisa, alisomewa ujumbe na mtu wa kituo kingine ili aupitishe kwa familia fulani. Palikuwa na foleni, akauandika, akaupitisha bila kuurudisha kwa aliyeusema. Ulikuwa wa mazishi. Siku iliandikwa Jumapili, na ilikuwa Jumatano. Wale watu walifika mazishi yameshakwisha, udongo umeshakauka. Wiki iliyofuata mmoja wao akaja kituoni. Hakutukana. Alisimama tu dirishani akamtazama Baba, muda mrefu, halafu akaondoka. Baba anasema angetukanwa angesahau.

Tangu siku hiyo hakupitisha neno ambalo hajalirudisha. Na akaniambia jambo ambalo sikulijua: "Kurudisha si kwa faida yangu mimi niliyesikia. Ni kwa faida ya yule aliyesema. Mtu hasikii maneno yake mpaka yatoke kwenye mdomo wa mwingine."

Utasema hiyo ni ya zamani, sasa kuna mashine. Basi nikupe ya Jumatano hii iliyopita, ambayo hukuelezwa na mtu.

Muuguzi wa zahanati alipiga simu ya mkononi ya Baba kueleza dawa mpya za presha. Baba alikuwa bafuni, mimi mikono yangu imejaa gundi ya kioo, Chiriku akapokea. Nikamsikia anasema, "Umesema vile vyeupe vidogo, vidonge viwili, mara tatu kwa siku, asubuhi, mchana na jioni. Nimepokea. Ni hivyo, muuguzi?"

Halafu nikaisikia sauti ya yule mama mpaka pale nilipo, "Subiri, subiri mwanangu. Nimesoma cha mwenzake. Kimoja. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, basi. Rudia tena hivyo ulivyofanya."

Akarudia. Akaniambia niandike, nikaandika ukutani kwa penseli, mpaka sasa pameandikwa. Yule muuguzi jioni alipita mwenyewe kwa miguu, akamtafuta huyo aliyeongea naye, akidhani ni mtu mzima mwenye sauti ndogo. Alipomwona ana mapengo na kiatu kimoja, alichuchumaa akamshika mashavu.

Nikamwazia mwalimu. Kwenye kishikwambi chake hiyo nayo ingekuwa nyekundu.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo sijawahi kulisema. Nivumilie.

Mimi niliishia darasa la tano, nawe unajua. Watu wanadhani nilikuwa sijui. Nilikuwa najua. Nilikuwa na majibu, ila yalitaka muda wa kupanda kutoka tumboni, na yakifika mdomoni mwalimu ameshamwuliza mwingine. Akaandika kwenye daftari langu kwamba mimi ni mzito, nitafutiwe kazi ya mikono. Ikaja karatasi ya mzazi kutia sahihi. Mama alikuwa amelazwa, Baba yuko naye kule hospitali, na karatasi ukaitia sahihi wewe, dada, kwenye goti, umesimama mlangoni na chupa ya chai mkononi. Ulikuwa na miaka kumi na tisa na ulikuwa unakimbilia wodini. Hukuisoma. Mimi nilikuwa nyuma yako, nilikuwa na maneno, nayo yakawa yanapanda, yanapanda, ukawa umeshafika barabarani.

Sikulaumu, wallahi. Nimekuwa fundi, nakula kwa mikono yangu, watu wananiletea simu ambazo maduka makubwa yamezikataa. Lakini sahihi ya pili kama ile haitatoka kwenye nyumba hii. Waje na kalamu kumi.

Sasa ujumbe wako wa Alhamisi. Nimeusikiliza mara nne. Nimeuandika chini neno kwa neno, kwa kalamu hii hii, na sasa nakurudishia, kama ulivyonifundisha mlangoni.

Umesema: "Sikuja huku kuwaogesha wazee wa watu ili mwanangu alelewe na mzee mmoja asiyeona na kijana mmoja asiyesema. Ile si nyumba ya mtoto, ni makumbusho. Wifi atakuja Jumamosi asubuhi, mfungie nguo zake. Baba usimwambie mpaka gari liwe limeshaondoka."

Nimepokea. Ni hivyo, dada?

Usijibu haraka. Soma kwanza kwa sauti, hapo ulipo, kwenye kile kitanda chako cha juu. Mimi najua umechoka. Najua unamgeuza mzee wa mtu ubavu, unampangusa, unamwita baba, na huku baba yako mwenyewe unamsikia kwenye simu tu. Najua unataka mwanao asiwe kama mimi. Hata mimi sitaki awe kama mimi. Ndiyo sababu sitaki mtu mwingine amwandike mzito halafu wa nyumbani kwake waseme sawa.

Na wifi yako simsemi vibaya. Ni mwema, nyumba yake ina vigae mpaka jikoni, na kila mtoto wake ana kishikwambi chake. Mtoto akienda kutembea likizo, aende, ateleze kwenye vigae.

Lakini lile la mwisho, la kutomwambia Baba, lilinishinda. Nilijaribu kulibeba usiku mzima. Jana asubuhi nikamwambia. Alikuwa amekaa pale mlangoni anapanga vifungo vya redio kwa kupapasa, vikubwa huku, vidogo huku. Nikamsomea ujumbe wako wote, pamoja na hilo la asiyeona. Kifungo kimoja kikamponyoka, hakukitafuta.

Akauliza, "Amesema hivyo?"

Nikamwambia, "Amesema hivyo, Baba."

"Umemrudishia?"

"Bado."

"Basi bado hajasema," akanijibu, akaendelea kupanga vifungo.

Ndiyo maana naandika. Yeye hana kinyongo nawe hata kidogo, anangoja tu umalize kusema. Kwa sheria yake ujumbe huu bado uko njiani, haujafika kwa mtu. Na mimi nashika sheria hiyohiyo. Chiriku hatoki hapa mpaka niupate uthibitisho, na uthibitisho siutaki mimi. Mwambie Baba. Kwa sauti yako, kwenye simu yake, maneno yaleyale yote, usipunguze. Halafu akupe mwanao, naye umwambie mwenyewe kwamba anaondolewa. Atakurudishia, unamjua, kwa mapengo yake yale. Ukishayasikia kutoka mdomoni mwake na bado ukaweza kusema "pitisha", nguo nitamfungia mimi na begi nitambebea mimi mpaka kwenye gari. Sitakuwa na neno. Lakini kwa njia ya kumnyatia mzee mlangoni, hapana. Nimesema hapana, dada. Iandike, maana hujawahi kuisikia kwangu.

Kuhusu shule nitakwenda tena Jumatatu, kurudisha kalamu. Nitamwomba mwalimu wa darasa jambo moja tu, aweke sekunde ishirini badala ya kumi. Nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo. Likinikwama mdomoni nitampa limeandikwa, lipo hapa mfukoni. Na muuguzi amesema akitakiwa kuja kusema la Jumatano atakuja, hata akiwa zamu.

Nisalimie mwenzako wa chumbani, yule anayekoroma, na mpishi wa hapo kazini anayekuwekea ukoko. Fundi viatu anakusalimu, anauliza vile viatu vyeusi ulivyomwachia bado unavihitaji au avivae mkewe. Mama wa maziwa naye anakusalimu sana. Baba anasema ujifunge kiuno kwa kitambaa kabla ya kuinua mtu mzito, na usimwinue ukiwa umegeuza shingo. Mungu akushike mkono huko uliko, akupe afya, akurudishe kwetu ukiwa unacheka kwa

Samahani, hapo kalamu imeruka. Honi imelia nje. Ni gari la wifi yako, amewahi, saa nne bado.

Namsikia hapo mlangoni. "Jamani Chiriku wangu! Umekua! Haya mwanangu, lete begi lako twende, shangazi ana haraka."

Na huyu wako, hajaniita, hajamwita babu yake. Namsikia vizuri, yuko kwenye ngazi. "Umesema nilete begi langu twende, una haraka. Nimepokea. Ni hivyo, shangazi?"

"Ndiyo mwanangu, ndiyo, upesi."

"Sawa. Sasa tunasubiri mama apitishe. Karibu ndani ukae."

Dada, kumbe jana mtoto alinisikia nikimsomea Baba! Wifi yako kacheka, sasa anaita jina langu kwa sauti kubwa. Fimbo ya Baba nayo naisikia inagonga ukuta kuelekea mlangoni. Acha niende, sitaki mtoto asimame pale peke yake na maneno yote ayaseme yeye. Safari hii yangu yameshafika mdomoni.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata leo ninapokukatalia,

Kimya